Baharia wa Safu ya Nyuma

Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika ibada ya Jubilei ya miaka 50

 

Kamati ya jubilei ilinipa dakika kumi na tano za kusoma historia ya kwaya. Lakini historia hiyo mnayo mikononi, katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, pamoja na picha za sare zetu zote tangu zile za kwanza. Kwa hiyo niliiomba kamati ruhusa nizungumze juu ya mtu mmoja tu, na nashukuru kwamba walikubali. Nina deni kwake, na nataka kulilipa mbele yenu nyote.

Jina lake sitalitaja. Alipokuwa mgonjwa alimwambia mkewe kwamba jubilei ikifika, asiandikwe kwenye karatasi wala kuwekwa kwenye bango, kwa sababu kwaya ni ya Mungu. Tumemheshimu. Nitamwita kama sisi sote tulivyomwita: Baharia. Wageni wetu mtaelewa ni nani mkitazama safu ya nyuma, upande wa besi, mahali alipokuwa akisimama kwa miaka mingi akiwa ameshika kitabu ambacho hakuwa anakisoma, maana nyimbo zote alikuwa nazo kichwani.

Tulipokuwa watoto wa shule ya Jumapili, jina hilo lilituchekesha. Baharia, Mitaboni! Hapa tuna vilima vya Iveti, tuna matuta, kahawa na mahindi, na mito ambayo nusu ya mwaka ni mchanga mtupu. Bahari iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa. Nilimuuliza siku moja, "Mzee, Mkamba alifikaje baharini?" Akacheka, akaniambia kwamba Mkamba alifika baharini kabla ya reli.

Nilipokwenda chuo cha ualimu ndipo nilipoona kwamba alisema kweli. Babu zetu walikuwa wakisafirisha pembe za ndovu hadi Mombasa kwa misafara kabla ya Mzungu kuijua njia hiyo. Mmisionari Krapf, aliyekuwa na kituo Rabai karibu na Mombasa, alifika Ukambani mwaka 1849 kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyekuwa akiongoza misafara hiyo. Na hata leo ukienda Changamwe utakuta ushirika wa wachonga vinyago wa Akamba, ambao umekuwa hapo tangu miaka ya sitini. Uchongaji huo wenyewe ulikuja kwetu na askari. Mutisya wa Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kuchonga huko, akarudi na ujuzi huo nyumbani akawafundisha wenzake. Baharia alipenda sana kisa hicho. Alisema kwamba mtu akienda mbali ni lazima arudi na kitu kitakachowafaa waliobaki.

Yeye mwenyewe aliandikishwa katika Jeshi la Wanamaji la Kenya akiwa kijana, katika miaka ya sabini. Jeshi hilo lilikuwa bado changa. Lilianzishwa tarehe 12 Desemba 1964, siku ile ile nchi yetu ilipokuwa Jamhuri, na makao yake yakawa Mtongwe, ng'ambo ya bandari ya Kilindini. Meli zake tatu za kwanza zilipewa majina ya wanyama wetu, Simba, Chui na Ndovu, na zilifika kutoka Uingereza mwaka 1966. Wakati huo kijana wa huku kwetu akitaka uaskari alikuwa akiwaza jeshi la nchi kavu, kama alivyofanya Jenerali Mulinge wa hapa Kathiani, aliyepanda hadi kuwa Mkuu wa Majeshi yote kuanzia mwaka 1978 hadi 1986. Baharia alichagua maji, na hakuwa anajua kuogelea. Alitusimulia kwamba siku ya kwanza alipoambiwa aingie majini alimwomba Mungu kwa Kikamba, kwa sababu Kiswahili chote alichokuwa amejifunza kilimtoka kichwani.

Alifundishwa, akajua. Alifundishwa kusoma upepo, kuutofautisha wa kaskazi na wa kusi. Alifundishwa mafundo ya kamba, na hayo alitufundisha sisi watoto kwa kamba za katani chini ya mwembe pale nyuma ya kanisa. Alifundishwa zamu. Kwenye meli, zamu yako ikifika, unaamka hata kama ni saa nane za usiku, maana mwenzako amesimama pale anakungoja. Ndiyo maana mazoezi ya kwaya yakipangwa saa tisa, yeye saa tisa kasorobo alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi. Hakuwahi kumkaripia aliyechelewa. Angekutazama tu, kisha atazame saa yake, na wewe ungetafuta mahali pa kujificha nyuma ya mwenzako.

Wanakwaya wenzangu, msidhani kwamba mtu akiwa baharini familia yake inakuwa mbali naye. Mkewe, mama yetu aliyeketi hapa mbele, ameniruhusu niseme haya. Kila mwisho wa mwezi ilifika mani oda posta, na pamoja nayo barua. Katika barua hizo aliuliza kwa zamu habari za kila mtoto, kisha za ng'ombe, kisha za kila tuta la shamba. Alikuwa ameyapa matuta nambari. "Tuta la nne limebomoka au limeshika?" Likizo ikifika alipanda basi la usiku kutoka Mombasa, akafika alfajiri, akanywa chai, na kabla ya saa mbili alikuwa shambani na jembe. Watoto wao sita wote wamesoma. Wa mwisho, ambaye ni alto wetu, aliniambia kwamba hakuwahi kumwona baba yake akila kabla mama hajaketi. Alisema desturi hiyo aliichukua melini, kwamba hakuna anayeanza kabla wa zamu hajapewa sahani yake.

Lakini kuna jambo alilorudi nalo kutoka Mtongwe ambalo hakulisimulia haraka.

Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi ya Ijumaa, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imebeba watu waliokuwa wakivuka kwenda kazini upande wa kisiwani. Ilikuwa haijafika mbali na gati. Watu 272 walikufa. Wengi walikuwa watu wa kila siku, wafanyakazi na wachuuzi, watu waliokuwa wamevuka mahali pale pale jana yake na juzi yake. Kambi ya wanamaji iko hapo hapo Mtongwe, na Baharia alikuwa kambini wiki hiyo. Alichofanya siku zile hakutuambia chote. Alichoniambia mimi ni hiki: "Mwalimu, bahari ilikuwa imetulia. Watu wanadhani maji huua yakiwa na hasira. Yale yalikuwa yametulia."

Baada ya hapo alimaliza muda wake, akastaafu na kurudi nyumbani. Jumapili ya pili baada ya kurudi alimwendea mwalimu wa kwaya akamwomba nafasi. Aliulizwa anaimba sauti gani. Akajibu kwamba hajui, ila kwenye meli alikuwa akiambiwa anyamaze asije akaamsha wengine. Akawekwa kwenye besi. Solfa aliijifunza akiwa na zaidi ya miaka arobaini, akiketi na watoto wa darasa la sita, wala hakuona haya. Na ile fimbo nyembamba anayotumia mwalimu wetu wa kwaya hadi leo aliileta yeye kutoka kwa wachongaji wa Changamwe. Ni ya mwarobaini. Alitueleza kwamba wachongaji wanahimizwa kutumia mwarobaini kwa sababu mpingo umekatwa hadi karibu kuisha. Hata katika zawadi alikuwa na somo.

Sasa niseme juu ya daftari.

Wengi wenu mmeliona, lile daftari lake lenye jalada gumu. Alianza kuliandika mwaka aliorudi. Aligundua kwamba amekaa pwani miaka mingi na akina mama wengi waliokuwa wakiimba alipokuwa mtoto wamezeeka, na wengine wametutoka. Akaanza kuwatembelea. Aliketi nao kwenye thome kama mgeni, akawauliza: tuta hili lilichimbwa na nani? Mwethya wenu ulikuwa na watu wangapi? Mlikuwa mkiimba wathi gani? Akaandika.

Vijana, naomba msikilize hapa. Katika miaka ya thelathini wakoloni waliandika kwamba nchi hii ya Machakos imekwisha, udongo wote unakwenda na maji. Waliamua kutunyang'anya ng'ombe, na mwaka 1938 watu wetu wakatembea hadi Nairobi kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu. Nchi haikufa. Watafiti waliokuja miaka ya tisini walikuta watu wameongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko umepungua. Kilichoiokoa ni matuta, na matuta hayo yalichimbwa kwa sehemu kubwa na vikundi vya mwethya, ambavyo wengi wao walikuwa wanawake, kwa sababu wanaume walikuwa Nairobi, Mombasa na jeshini. Walichimba wakiimba. Mmoja anaanza, wengine wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Nyimbo hizo hakuna kitabu kilichozihifadhi hapa kwetu. Zimo katika daftari la Baharia, maneno kwa Kikamba na juu yake solfa kwa kalamu ya risasi.

Najua kulikuwa na manung'uniko. Wapo waliosema anataka kuingiza kilumi kanisani. Alijibu kwa upole kwamba kilumi kina mahali pake na wenyewe, naye hakukileta hapa. "Lakini wimbo wa kuchimba tuta," alisema, "ni wimbo wa watu wanaosaidiana. Mkiuona una dhambi, nionyesheni mstari." Hakuna aliyeuonyesha. Na wimbo wa kuitikiana ambao mmetusikia tukiingia nao asubuhi ya leo, maneno yake ni ya shukrani kwa Mungu, lakini mwendo wake ni wa majembe. Akina mama wazee wa safu ya tatu niliwaona mkifuta machozi. Mliutambua.

Aliwahi pia kunisimulia habari ya meli ya Khedive Ismail. Meli hiyo iliondoka Mombasa mwezi wa Februari 1944 ikielekea Ceylon, na tarehe 12 ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache. Kati ya watu zaidi ya 1,500 waliokuwamo, karibu 1,300 walikufa, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Alisema mtu aliyezama hana kaburi, kwa hiyo wenzake wasipolitaja jina lake hakuna jiwe litakalolitaja. Nilifikiri anazungumzia vita. Sasa naona alikuwa akinieleza kwa nini anaandika daftari.

Nimefika kwenye deni langu.

Mwaka 2018, kama mnavyokumbuka, masika yalikuwa makubwa sana. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimechaguliwa katibu, nina diploma yangu mpya na moto mwingi. Kwaya ilikuwa imealikwa kwenye mashindano. Tulikuwa tumefanya mazoezi miezi minne, tumeshona sare kwa mkopo, na tulijua kwamba tunaweza kushinda. Njiani, upande wa Mwala, tukakuta mto wa msimu umejaa na maji yanapita juu ya daraja la chini. Hayakuonekana mengi. Lori moja lilikuwa limepita mbele yetu. Dereva wetu alisema tutapita. Watu wakasema twendeni, twachelewa.

Baharia alishuka kwenye basi. Alisimama mbele ya basi, katikati ya barabara, na mikono nyuma, kama askari. Hakupiga kelele. Alisema, "Mimi sipandi, na basi halipiti juu yangu." Tulimsihi. Mimi nilimwambia maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mzee wa umri wa baba yake. Nilimwambia hapa si Mombasa, na kwamba anaota bahari kwenye kijito. Alisikiliza yote. Alisema tu kwamba maji ya rangi ile hayakuonyeshi kama daraja bado liko chini yake, na kwamba maji yanayokimbia yakifika urefu wa goti la mtu yanatosha kulisukuma gari.

Tulikaa pale saa nne. Tukarudi nyumbani tukiwa kimya. Hatukushindana. Deni la sare tulililipa mwaka mzima.

Wiki iliyofuata tulikuwa na mkutano, na mimi kama katibu niliandika kumbukumbu. Leo nimekuja na kitabu hicho. Nasoma nilivyoandika kwa mkono wangu: "Kwaya ilikosa mashindano kwa sababu ya woga wa mwanachama mmoja." Kumbukumbu zilisomwa mkutano uliofuata, yeye akiwepo, zikapitishwa. Alinyoosha mkono pamoja na wengine kuzikubali. Kisha akaendelea kuja mazoezini saa tisa kasorobo.

Miaka mitatu baadaye, Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki la Mwingi, waliokuwa wakienda arusini, lilisombwa na mto Enziu. Zaidi ya watu 30 walikufa. Walikuwa watu kama sisi, majirani zetu wa Ukambani, wamevaa sare, wamejiandaa kuimba. Sisemi neno juu ya kosa la mtu yeyote. Waliofiwa bado wana uchungu, na leo tutawakumbuka katika maombi. Wenyeji waliingia majini kuokoa waliowaweza, na wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji wakaletwa kusaidia kutafuta wengine. Nilitazama picha zile kwenye simu usiku ule, nikaona basi, nikaona maji ya rangi ile ile ya kahawia. Sikulala.

Asubuhi kabla ya ibada nilikwenda kwake. Nilimkuta ameketi nje, redio iko chini, imezimwa. Nilipiga magoti nikamwambia, "Mzee, nisamehe. Ulikuwa sahihi." Mnajua alinijibu nini? Alisema, "Mwalimu, inuka. Sijui kama nilikuwa sahihi. Pengine siku ile tungepita salama, tukaimba, tukashinda. Ukizuia ajali, hakuna mtu anayeiona, hata wewe mwenyewe huioni. Unabaki na watu waliokukasirikia tu. Lakini walikuwa hai, nikaona afadhali."

Halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nilimwahidi kwamba nitarekebisha kumbukumbu zile. Akasema haina haja, kumbukumbu zilikwisha kupitishwa. Nikaahirisha, kwa shughuli za shule, kwa hili na lile. Mwaka jana alituaga, nasi tukamwimbia kaburini, na ukurasa ule ukiwa bado vile vile. Hilo ndilo deni langu. Sikulilipa akiwa hai.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, kwa ruhusa ya wanakwaya waliokutana Jumamosi iliyopita, natangaza mambo mawili tuliyokubaliana kwa sauti moja.

La kwanza, sentensi ile haitafutwa, maana kumbukumbu hazifutwi. Lakini chini yake imeandikwa nyingine, nayo imetiwa sahihi na sisi sote 43: "Mwanachama huyo hakuwa na woga. Aliilinda kwaya, na kwaya inamshukuru." Na katika katiba yetu tumeongeza kifungu. Kwaya hii haitavuka mto uliofurika juu ya daraja, kwa sababu yoyote, na mwanachama mmoja akikataa, sote tumekataa. Vijana wameshakiita Kifungu cha Baharia.

La pili, familia imetukabidhi daftari tulitunze. Tumeanza kulinakili, na nakala moja itakaa maktaba ya shule. Lakini kurasa za mwisho hazina kitu. Aliacha nafasi. Kuanzia mwezi ujao, kila mwanakwaya ataketi na mzee mmoja wa nyumbani kwao, amwulize wimbo mmoja wa mwethya na jina la aliyeuanzisha, auandike na kuuleta. Msiseme nyanya yangu hakumbuki. Mwanzishieni mwendo wa majembe, mtaona.

Mama yetu, asante kwa kutugawia mume wako Jumapili na Jumamosi zote zile. Watoto wake, asanteni. Sote tuliobaki, zamu yetu imefika, na kuna mtu anayetungoja tuamke.

Baharia, muvea muno.

Sasa naomba kwaya isimame. Besi, mnajua mahali penu.